Garganacl: jitu la chumvi kwa mchezaji asiye na haraka

Wachezaji wengi wa gemu za Pokémon humtoa Garganacl kikosini kabla hajaanza kazi. Hulitazama pigo lake kuu, Salt Cure, wakaona nguvu yake ni 40 tu, wakalifuta na kuweka Stone Edge, kisha wakalalamika kwamba jitu la mita 2.3 na kilo 240 halina mkono. Lawama hiyo si yake. Pokémon huyu wa aina ya Mwamba, aliyekuja na gemu za Scarlet na Violet za Nintendo Switch tarehe 18 Novemba 2022, hakuumbwa apige mara moja na kumaliza. Kazi yake ni kumtia adui chumvi, kisha kubaki hai muda wa kutosha chumvi ifanye yake.

Gemu yenyewe imeeleza jambo hili kwenye Pokédex, kamusi yake ya Pokémon: Naclstack, hatua ya kati ya ukoo huu, humnyunyizia windo lake chumvi hadi maji ya mwilini yatoke. Kwa lugha ya pwani, humfanya ng'onda, samaki aliyekaushwa. Salt Cure ndiyo hiyo ikiwa vitani. Ikimpata adui, kila mwisho wa zamu anapoteza sehemu moja ya nane ya HP (pointi za uhai) yake yote, kuanzia zamu ileile aliyopigwa. Akiwa wa aina ya Maji au Chuma, anapoteza robo. Haina kikomo cha zamu: inakaa mpaka adui atolewe uwanjani au azimie. Usahihi wake ni 100, na unaweza kuitumia mara 15.

Chukua Dondozo wa kiwango cha 50 aliyejazwa HP kikamilifu. Ana HP 257, na ulinzi wake ni mgumu kiasi kwamba washambuliaji wengi wa kimwili hukata tamaa. Kwa kuwa ni wa Maji, chumvi inamla HP 64 kila zamu. Zamu nne zinamwachia HP 1, na hiyo ilishakwenda na pigo la kwanza lenyewe. Asipojilaza kwa Rest, pigo la kujitibu kwa kulala, au kubadilishwa, amekwisha. Blissey ana hadithi nyingine. Kwa HP 362 anapoteza 45 kila zamu, na Soft-Boiled inamrudishia nusu ya HP, kwa hiyo chumvi peke yake haimwangushi upesi. Ila katika kizazi hiki cha gemu mapigo ya kujitibu ya namna hiyo yamepunguzwa hadi matumizi 5. Hesabu zake zikiisha, naye ameisha.

Takwimu za msingi za Garganacl ni HP 100, shambulio 100, ulinzi 130, shambulio maalumu 45, ulinzi maalumu 90 na kasi 35, jumla 500. Kwa Pokémon aliyefika hatua ya mwisho, 500 si jumla ya kujivunia, lakini imegawanywa kwa akili: karibu yote iko pale inapohitajika na hakuna kinachopotea kwenye shambulio maalumu asilolitumia. Kasi ndiyo mbaya kweli. Kiwango cha 50 bila kuongezwa chochote anafikia 55 tu, kwa hiyo panga kila zamu ukijua adui atatangulia.

Kinachomfanya awe ukuta ni uwezo wa Purifying Salt. Unamkinga na kuungua, sumu, kupooza, usingizi na kuganda, na unapunguza kwa nusu madhara ya mapigo ya aina ya Mzuka. Maana yake Amoonguss hamlazi kwa Spore, Toxapex hamtii sumu ya Toxic, na Will-O-Wisp, pigo la kuunguza, ni zamu iliyotupwa. Kuta nyingi huanguka kwa sumu ya polepole; huyu haimgusi. Gharama yake ni ndogo lakini huwanasa wengi: kwa kuwa hawezi kulala, Rest kwake inashindwa kabisa. Usimfundishe. Uwezo wake wa pili, Sturdy, unamwachia HP 1 akipigwa pigo moja la kuua akiwa na HP kamili, na wa tatu, Clear Body, unazuia takwimu zake zisishushwe. Vyote viwili havifikii Purifying Salt hata nusu. Kabla ya kutumia chochote juu yake, fungua ukurasa wa uwezo uangalie alionao. Nacli wa kuokota porini mara nyingi huja na Sturdy.

Kumlea ndiko kunakochosha. Nacli ana jumla ya 280 na kasi 25, na kwa viwango ishirini vya kwanza ni mzigo isipokuwa mahali pachache. Kwa Katy, kiongozi wa gym (ukumbi wa mapambano) ya Cortondo, ambaye wadudu wake wanaishia kiwango cha 15, Rock Throw inafanya kazi nzuri. Kwa Brassius wa Artazon mwache pembeni: Petilil na Smoliv ni Nyasi, na hata Sudowoodo, mwamba mwenzake aliyejifanya mti, hugeuzwa kuwa Nyasi kwa Terastal, mbinu ya gemu hizi ya kubadilisha aina ya Pokémon vitani. Kwa Bombirdier, yule Titan (Pokémon mkubwa wa hadithi) arukaye, Nacli anafaa. Mwamba unamuumiza ndege.

Kiwango cha 24 ndipo mambo yanapobadilika. Nacli anakuwa Naclstack na papo hapo gemu inamfundisha Salt Cure. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea, kwa sababu mchezaji akiona 40 anabonyeza kukataa. Ukishakataa usihangaike: fungua muhtasari wake, nenda kwenye mapigo, chagua kukumbuka pigo, bure. Kiwango cha 38 anakuwa Garganacl, bila jiwe la kubadilishia wala mtu wa kubadilishana naye. Jambo hili la mwisho si dogo kwa anayecheza peke yake. Graveler mpaka leo anahitaji kubadilishwa na mchezaji mwingine ndipo awe Golem, na akishakuwa Golem bado anaumia mara nne kwa Maji na mara nne kwa Nyasi. Garganacl ni Mwamba mtupu: udhaifu wake ni Maji, Nyasi, Ardhi, Mapigano na Chuma, kila mmoja mara mbili tu.

Kwa Kofu, kiongozi wa gym ya Maji ya Cascarrafa, watu hujidanganya. Wanasema Maji yanapoteza robo, basi nitashinda. Ni kweli yanapoteza robo, lakini Wugtrio anakutangulia na pigo lake la Maji linakuumiza maradufu. Naclstack wa viwango vya 30 anaweza kutia chumvi mara moja na kuanguka. Mtumie kwa Crabominable pekee: mwanzoni ni wa Mapigano na Barafu, na Kofu akishamgeuza kuwa Maji kwa Terastal, chumvi inapanda kutoka moja ya nane hadi robo, kwa maana inahesabu aina aliyonayo adui wakati huo. Mela wa Team Star, genge la wanafunzi, na moto wake ni kazi nyepesi, Grusha na barafu yake pia, na Larry anapotoka na ndege zake kwenye Elite Four, wapiganaji wanne wa mwisho wa ligi, ni karamu. Poppy, mwenzake Larry, ni kamari. Chuma chake kinakauka kwa robo, lakini Tinkaton ana Gigaton Hammer yenye nguvu 160. Pigo hilo haliwezi kurudiwa zamu mbili mfululizo, kwa hiyo likija, lipokee kwa Protect, pigo la kujikinga, kisha tia chumvi zamu inayofuata.

Kwa mashindano, mpangilio unaofanya kazi ni Salt Cure, Recover (pigo la kujitibu), Protect, na nafasi ya nne kwa uamuzi wako. Leftovers (kifaa kinachorudisha HP kidogo kila zamu) mkononi, tabia ya Careful (inayopandisha ulinzi maalumu), pointi 252 za mazoezi (EV) kwenye HP, 252 kwenye ulinzi maalumu na 4 kwenye ulinzi. Kwa kiwango cha 50 unapata HP 207, ulinzi 151 na ulinzi maalumu 156. Ulinzi hauhitaji pointi zaidi kwa kuwa 130 ya msingi inatosha. Upande maalumu ndio unaovuja. Mzunguko ni huu: tia chumvi, zamu inayofuata jikinge kwa Protect ili adui apoteze HP bure na wewe upate HP 12 za Leftovers, kisha Recover ukishuka karibu na nusu. Usingoje ushuke zaidi. Adui anatangulia, na Recover inayokuja nyuma ya pigo la pili haimsaidii aliyekwisha kuzimia.

Nafasi ya nne inategemea uwanja. Kwenye vita vya wawili kwa wawili, Wide Guard ndiyo bora: inazuia mapigo yanayosambaa, Earthquake na hata Make It Rain ya Gholdengo, ambayo bila hiyo humbomoa Garganacl. Kwenye vita vya mmoja kwa mmoja, Stealth Rock inatibu udhaifu mkubwa wa Salt Cure, kwa sababu adui anayekimbia chumvi kwa kubadilishwa atakanyaga mawe akirudi. Wapo wanaopenda Iron Defense na Body Press. Body Press hupiga kwa kutumia ulinzi badala ya shambulio, kwa hiyo Iron Defense moja inapeleka 151 hadi 302, na Chuma kinachodharau mwamba kinavunjika. Ni mpangilio mzuri ukipata zamu ya kujijenga, lakini unaondoa Protect, na mbele ya Mizuka Body Press haigusi.

Sasa yanayoharibika. La kwanza na la kawaida kuliko yote ni kubadilishwa. Adui mwenye uwezo wa Regenerator, kama Toxapex, akitoka anaondoa chumvi na kujirudishia theluthi moja ya HP. Gothitelle mwenye uwezo wa Shadow Tag pembeni yako anafunga mlango huo, ila Mizuka hutoka watakavyo. La pili ni Taunt: Recover na Protect zote zinafungwa, na jitu linabaki kupigwa. La tatu, Covert Cloak mkononi mwa adui: pigo linapiga, chumvi haishiki. Substitute, sanamu ya kupokea mapigo, nayo inafanya vivyo hivyo, na Clefable mwenye Magic Guard anashikwa na chumvi lakini hapotezi kitu. La nne ni Knock Off kukunyang'anya Leftovers. HP 12 zinaonekana kidogo mpaka zikosekane. Na usisahau kwamba Recover yako nayo ina matumizi 5. Ipandishe kwa PP Up hadi 8 kabla ya kwenda popote.

Kuhusu Tera, yaani aina anayogeuzwa kwa Terastal, ushauri unaosikika sana ni Maji. Si mbaya: inafanya mapigo ya Maji na Chuma yapungue nguvu kwake na kuondoa udhaifu wa Ardhi na Mapigano, lakini Nyasi inabaki na Umeme unaongezeka. Mzuka ni bora kwake kuliko inavyodhaniwa. Udhaifu wote watano unatoweka, Mapigano hayamgusi kabisa, na kati ya udhaifu mpya miwili, ule wa Mzuka unafutwa na Purifying Salt. Kinachobaki ni Giza peke yake. Salt Cure haipungui nguvu kwa Tera yoyote, kwa kuwa faida ya kutumia pigo la aina yake ya asili inabaki. Kubadilisha Tera ni vipande 50 vya aina unayotaka, kwa mpishi wa Treasure Eatery mjini Medali.

Gharama zinaweza kutisha au zisitishe kabisa. Vitamini ni 10,000 kila moja kwa pesa za gemu, na kujaza pointi 252 kunahitaji 26; kwa takwimu mbili ni 520,000. Njia ya maskini ni nzuri zaidi: nunua vifaa vya mazoezi vya Power Weight na Power Band, 10,000 kila kimoja. Akiwa na Power Weight, kila Lechonk anayeangushwa anampa pointi 9 za HP, kwa hiyo 28 wanatosha. Akiwa na Power Band, Flabébé 28 wanajaza ulinzi maalumu. Mint ya Careful, ya kubadilisha tabia, ni 20,000, na Ability Capsule ya kumtoa kwenye Sturdy ni 100,000. Lakini Garganacl aliyecheza hadithi yote tayari amejaa pointi za ovyo alizookota njiani, maana kikosi kizima hugawana. Mpe kwanza Kelpsy kufuta za shambulio na Tamato kufuta za kasi, kila tunda linaondoa 10, au zalisha Nacli mpya kwa Ditto, Pokémon anayezaa na karibu wote, kwenye pikiniki na uanze safi.

Anayetaka mwamba wa vita vifupi asimchukue huyu. Glimmet hubadilika kiwango cha 35 kuwa Glimmora, mwenye jumla ya 525, shambulio maalumu 130 na kasi 86, naye akipigwa kimwili humwaga miiba ya sumu upande wa adui bila kutumia zamu. Bei yake ni kwamba Ardhi inamuumiza mara nne, kwa hiyo Earthquake moja hummaliza pale ambapo Garganacl angekuwa bado amesimama akijitibu.