Tasking Manager ya HOT: hodari wa kugawa kazi, mvivu wa kufundisha

Tetemeko la Haiti la Januari 2010 lilionyesha kwamba watu walio mbali wanaweza kuchora ramani ya mji ulioanguka kwa kutazama picha za setilaiti. Mwaka huohuo shirika la ramani za misaada, Humanitarian OpenStreetMap Team, yaani HOT, likasajiliwa. Tasking Manager ni tovuti yao ya bure inayokata eneo la maafa vipande vya mraba ili wachoraji wasikanyagane.

Kuanza hakuna gumu: akaunti ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na yeyote, inatosha. Chagua mradi, chukua mraba, nao utafungwa kwa jina lako kwa saa mbili. Muda ukiisha, ulichokwisha kupakia hakipotei, ila mwenzako anaweza kuuchukua mraba na mkachora nyumba zilezile mara mbili. Kwa hiyo pakia kila baada ya majengo 20 au 30. Mraba uliosongamana kama uswahilini ugawanye. Kitufe kipo, hutoa vinne, na wengi hawakioni.

Uchoraji hufanyika katika iD, programu ya kuchorea ramani, ndani ya kivinjari. Tafuta kipanya, kwa maana kuchora kwa pedi ya laptop ni mateso. Bonyeza 3, zungushia jengo pembe kwa pembe, kisha Q ili pembe zinyooke. Kwa msonge, weka nukta chache kuzunguka paa kisha bonyeza O. Hapa ndipo wageni wanapoharibu: msonge unachorwa kama sanduku, au nyumba tano ambazo mabati yake yanagusana zinakuwa jengo moja, na anayekadiria kaya za kupelekewa mahema anapata hesabu pungufu.

Picha ikiwa imepigwa kwa mshazari, paa huonekana limeegemea upande. Lichore kwa umbo lake, kisha kwa M lisogeze hadi chini ukuta unapokutana na ardhi. Ukikuta majengo yote ya wenzako yamehama kwa kiasi kilekile upande mmoja, usiyaguse: iliyohama ni picha. Bonyeza B, isogeze picha ilingane na yaliyopo. Barabara nazo ziunganishwe kwa nukta moja. Zikigusana kwa macho tu, programu ya kuonyesha njia haitaona njia panda, na lori la msaada litazungushwa bure.

Udhaifu mkubwa uko kwenye uhakiki, yaani mchoraji mwingine kukagua mraba uliomalizika. Mchoraji mpya anaweza kumaliza miraba kumi kabla mtu hajamwambia kwamba amekosea tangu wa kwanza, na maelekezo ya mradi mara nyingi ni marefu na ya Kiingereza. Kabla ya kutumia ramani, tazama asilimia zote mbili, ya uchoraji na ya uhakiki. Ya kwanza peke yake hudanganya.

Tena setilaiti haijui jina la mtaa. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi kutembea mitaani wakiandika mifereji na maeneo yanayojaa maji. Kazi hiyo Tasking Manager haiifanyi.

Mgeni aanze na mradi wa majengo tu, wa ngazi ya mwanzo, kijijini ambako nyumba zimeachana. Mji uliobomoka awaachie wazoefu.