TAHADHARI: Flashi ya "Python ya Ubuntu zote" inayouzwa Kisumu

Wanafunzi wa Kisumu na Maseno, hasa mlio kwenye mradi wa mwaka wa nne: kuna mtu anazunguka kwenye saiba za Kondele akiuza flashi yenye kifurushi cha programu anachosema kinakubali Ubuntu (mfumo endeshi wa kompyuta) yoyote na Python (lugha ya kuandikia programu) yoyote. Anataka M-Pesa kwanza. Msimtumie hata shilingi.

Hakuna kitu kama hicho alichonacho. Ubuntu 20.04 huja na Python 3.8, 22.04 na 3.10, 24.04 na 3.12. Maktaba za Python kama numpy (ya mahesabu) zina sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C, zinazojengwa kwa kila toleo la Python peke yake. Fungueni flashi muone: faili zote za sehemu hizo zimeandikwa cpython-38, yaani ni za Python 3.8 tu. Ili zikubali mbele yako, skripti yake inageuza /usr/bin/python3, kiungo ambacho mfumo hutumia kuipata Python yake, ielekee Python 3.8 aliyokuja nayo. Programu inafunguka, unalipa, anaondoka. Ukifika nyumbani taminali (dirisha la kuandikia amri) haifunguki, na add-apt-repository, amri ya kuongeza hazina ya programu, inalalamika haioni moduli yake ya apt_pkg, kwa sababu vifaa vya Ubuntu yenyewe vinategemea Python iliyokuja nayo. Ukimpigia, anadai pesa ya kutengeneza.

Hilo la kudai pesa mara ya pili ni wizi wa wazi, lakini kinachonitisha zaidi kiko ndani ya /etc/apt/sources.list.d, folda inayoiambia apt (kisakinishi cha programu cha Ubuntu) ichukue programu wapi. Kwenye laptopu zilizoletwa kwangu nimekuta humo faili inayoelekeza kwenye seva yake, ikiwa na [trusted=yes]. Maana yake apt haikagui saini ya kidijitali inayothibitisha kifurushi kimetoka kwa nani. Akiweka huko kifurushi chenye namba ya toleo kubwa zaidi, siku utakayofanya upgrade kitaingia na kuendeshwa kwa mamlaka yote ya mashine. Nywila zako, kazi yako, vyote viko mikononi mwake.

Kagua kwa ls -l /usr/bin/python3. Kwenye 24.04 lazima ionyeshe python3.12. Kama sivyo, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia, kisha andika sudo ln -sf python3.12 /usr/bin/python3. Hiyo itakurudishia taminali tu. Kwa kuwa skripti ilipewa sudo, yaani mamlaka ya msimamizi wa mashine, mimi nashauri uhifadhi kazi yako, usakinishe Ubuntu upya, na ubadilishe nywila ukitumia mashine nyingine.

Mkihitaji Python nyingine, hazina ya deadsnakes ni ya bure: huiweka kando bila kugusa ya mfumo, halafu unatengeneza venv (mazingira ya Python yaliyotengwa) ya mradi wako. Na anayejua kufungasha programu hujenga kifurushi tofauti kwa kila toleo la Ubuntu; muombe akuonyeshe.

Mliokwisha kulipa, msifute ujumbe wa M-Pesa. Upelekeni polisi pamoja na flashi. Kuingilia kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018.