Uzoefu wangu na zana ya Medium ya kuhamishia makala: nani huonekana kwenye Google, mwandishi au aliyepewa nakala?

Ninaandika kwa Kiswahili kuhusu ufugaji wa nyuki katika tovuti yangu mwenyewe, inayoendeshwa kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, na kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikizichapisha upya baadhi ya makala hizo kwenye Medium, jukwaa la mtandaoni la kuchapishia makala, kwa kutumia zana yake ya kuhamishia maandishi yaliyokwisha kutoka mahali pengine. Tathmini hii inahusu zana hiyo pamoja na swali ambalo waandishi wenzangu huniuliza kila inapotajwa: makala moja ikikaa katika tovuti mbili, mtu anayetafuta kwenye Google ataletewa ya mwandishi au ataletewa ile nakala? Nimeridhika na zana yenyewe na ninaipendekeza, ila nafasi ya makala asilia kwenye utafutaji hutegemea zaidi yale yanayofanywa kabla ya kuifungua.

Matumizi yake ni mepesi. Ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, unabandika anwani ya makala ilipochapishwa mara ya kwanza, zana inausoma ukurasa, inachukua maandishi na picha, kisha inakupa rasimu ya kupitia kabla ya kuchapisha. Tarehe inayoonyeshwa ni ile ya awali, na mwishoni huongezwa mstari unaotaja tovuti ambako makala ilitoka. Lililo muhimu kuliko yote hufanyika pasipoonekana na msomaji: ndani ya msimbo wa ukurasa huwekwa lebo ya kanoniko, yaani mstari mfupi unaoiambia mitambo ya utafutaji kwamba anwani ya asili ya maandishi haya ni ile ya tovuti yangu. Hata aliyenakili na kubandika kwa mkono anaweza kuijaza anwani hiyo mwenyewe katika mipangilio ya juu ya makala.

Lebo hiyo si jambo geni. Google, Yahoo na Microsoft waliitangaza kwa pamoja Februari 2009, na Desemba mwaka huo huo Google ikaanza kuikubali hata pale kurasa mbili zinapokuwa katika tovuti mbili tofauti. WordPress nayo, tangu toleo la 2.9 la mwezi huo huo, huiweka yenyewe kwenye kila makala. Kwa hiyo ukurasa wangu unajitaja kuwa ndio asili, na ukurasa wa Medium unautaja huo huo wangu. Ni mashahidi wawili waliosimama mahali tofauti wakatoa maelezo yanayolingana, na hapo ndipo ninapoona thamani ya zana hii kuliko kunakili na kubandika pasipo kugusa mipangilio.

Waandishi wengi huogopa kwamba Google huiadhibu tovuti ambayo maandishi yake yanapatikana kwingine. Hofu hiyo ninaielewa, kwa sababu Februari 2011 mabadiliko yaliyoitwa Panda yaliziangusha vibaya tovuti zilizokuwa zikirundika makala za kila mtu. Hata hivyo, Google ilikuwa imeeleza tangu 2008 kwamba hakuna adhabu kwa maudhui rudufu ya kawaida, yasiyokusudiwa kuhadaa. Kinachofanyika ni kwamba mtambo huzikusanya kurasa zinazofanana katika kundi moja, huchagua mmoja wa kuuonyesha, na zilizobaki huziweka kando. Hasara basi haitokani na kuadhibiwa. Inatokana na kuchaguliwa kwa ukurasa usio wako.

Kwa sisi tunaoandika kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu akitafuta kwa Kiingereza namna ya kuvuna asali, makala zinazogombania nafasi ni nyingi mno, na nakala moja zaidi haibadilishi sana hali ya mwandishi. Akitafuta kwa Kiswahili dalili za asali iliyokomaa ndani ya masega, kurasa zenye maelezo kamili ni chache, na mara nyingi mshindani mkubwa wa makala yangu ni nakala yake yenyewe iliyowekwa katika tovuti yenye jina kubwa kuliko langu. Ndiyo maana siwezi kukubali ushauri kwamba jambo hili ni dogo, wala ule wa kukataa kabisa kuchapisha kwingine, kwa sababu wasomaji wetu wametawanyika na kuwafuata waliko ni sehemu ya kazi.

Nimeyakagua matokeo kwa njia mbili. Ya kwanza ni Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, ambako ukikagua anwani ya ukurasa wako unaonyeshwa mambo mawili yanayopaswa kutazamwa pamoja: anwani ya kanoniko uliyoitangaza wewe na ile iliyochaguliwa na Google. Hutenganishwa kwa sababu lebo hii ni dokezo, si amri, na Google ina haki ya kuchagua vingine kwa kupima viungo, ramani ya tovuti na ishara nyinginezo. Njia ya pili haihitaji akaunti yoyote: ninachukua sentensi ndefu kutoka katikati ya makala, sentensi ambayo mtu mwingine hawezi kuiandika vile vile kwa bahati, ninaitafuta ikiwa ndani ya alama za kunukuu, kisha ninatazama anwani iliyotangulia. Kwa makala nilizozihamisha kwa zana ya Medium, anwani yangu ndiyo imekuwa ikitangulia, na mara nyingi ile ya Medium haikutokea kabisa katika ukurasa wa kwanza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe, na anayetarajia nakala yake ya Medium iwike kwenye Google huku ikiwa na lebo inayoelekeza kwingine anatarajia mambo mawili yanayopingana.

Utaratibu ninaoufuata ni kuchapisha kwanza kwangu, kuomba makala iingizwe kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambazo Google inazijua na huzitafutia majibu, kupitia Search Console, na kungoja hadi nithibitishe kuwa imeingia, ndipo nihamishe. Tovuti ndogo hutembelewa na mtambo wa Google mara chache kuliko tovuti kubwa, kwa hiyo ukichapisha pote siku moja kuna uwezekano nakala ikaonekana kabla ya asili. Kwa Bing, mtambo wa utafutaji wa Microsoft, kuna itifaki ya IndexNow, iliyoanzishwa 2021 na Microsoft pamoja na Yandex, mtambo wa utafutaji wa Urusi, ambayo huujulisha mtambo mara tu makala inapotoka. Google haiitumii, na kwake subira haina mbadala.

Mambo yalikuwa tofauti kabisa nilipoombwa ruhusa na tovuti moja ya habari, ambayo sitaitaja, kuichapisha upya makala yangu kuhusu kukinga mizinga dhidi ya siafu. Waliweka jina langu, lakini hawakuweka kiungo wala lebo, na sentensi zangu zikawa zinaleta ukurasa wao mbele ya wangu. Nilipomwandikia mhariri, alikuwa mwungwana, akaongeza kiungo siku ile ile, lakini hali kwenye utafutaji haikubadilika haraka. Nilianza kuandaa maelezo ya kumwomba aweke lebo ya kanoniko, na katika kusoma nikakuta kwamba 2023 Google ilikwisha kubadilisha mwongozo wake kwa hali kama hii. Haipendekezi tena lebo hiyo kwa anayetaka kuepuka ushindani wa washirika wanaochapisha upya makala zake, kwa sababu ukurasa wa tovuti ya habari huwa na vichwa, matangazo na makala jirani nyingi kiasi cha kuufanya uwe tofauti sana na ule wa asili. Inachopendekeza ni mshirika auzuie ukurasa wake usiingizwe kwenye faharasa hata kidogo. Ombi hilo ni zito kwa chombo kinachoishi kwa wageni wanaotoka kwenye utafutaji, na sikushangaa mhariri aliposita. Tulikubaliana abakize aya mbili za mwanzo na kiungo cha kuendelea kusoma kwangu, na baada ya muda nafasi yangu ikarudi.

Maandishi yanayotafsiriwa yako katika kundi jingine. Global Voices, tovuti ya habari za kimataifa yenye toleo la Kiswahili linaloandaliwa na watafsiri wa kujitolea, huchapisha chini ya leseni huria ya Creative Commons, na makala ya Kiingereza iliyotafsiriwa kikamilifu kwa Kiswahili haihesabiwi na Google kuwa nakala rudufu. Mwandishi anayeombwa ruhusa ya kutafsiriwa hana haja ya masharti magumu kama anayeombwa kunakiliwa neno kwa neno.

Kuna mambo mawili anayopaswa kuyajua mapema mwenye kutumia zana hii. Kihariri cha Medium hakina majedwali, hivyo jedwali langu la viwango vya unyevu wa asali, ambalo lengo lake ni kuonyesha asali ipi iko ndani ya kikomo cha asilimia 20 cha Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, nililazimika kuliandika upya kwa aya. La pili ni zito zaidi: uhamishaji hufanyika mara moja tu. Nikiongeza maelezo mapya kwenye makala asilia, nakala inabaki na ya zamani hadi niende kuisahihisha kwa mkono, na katika somo kama dawa za wadudu karibu na mizinga, maelezo yaliyopitwa na wakati yanaweza kumgharimu mfugaji makundi yake ya nyuki. Kwa hiyo siku hizi huhamisha makala ambazo ukweli wake haubadiliki haraka, na zile za msimu huziacha nyumbani.

Faida niliyoipata Medium haiko kwenye utafutaji. Iko kwa wasomaji wanaokaa humo humo, wakanifuata, na baadhi yao wakabofya kile kiungo cha mwishoni kuja kusoma zaidi. Kuhamisha hakunigharimu chochote, na makala zangu zote nimeziacha wazi kwa asiyelipia uanachama. Asiye na tovuti yake mwenyewe hana sababu ya kuihitaji zana hii, kwa kuwa lebo itakosa pa kuelekeza. Huyo ni heri aandike moja kwa moja Medium, au aanze kwa kununua jina la tovuti.