Ziara ya Tenement Museum, New York: kifua kikuu kinavyosomeka katika kuta za jengo

Makumbusho ya Tenement Museum, yaliyoko Lower East Side jijini New York, hayana makabati ya vioo yenye vifaa vya waganga, na kwa anayetaka kuelewa jinsi kifua kikuu kilivyowaandama maskini wa jiji mwanzoni mwa karne ya 20, huo ndio ubora wake mkubwa. Kinachoonyeshwa ni jengo lenyewe, namba 97 Orchard Street, lililojengwa mwaka 1863, ambalo mwenye nyumba aliwaondoa wapangaji wake mwaka 1935 badala ya kugharamia marekebisho yaliyodaiwa na sheria.

Mgeni haingii humo peke yake, bali huongozwa. Nilichagua ziara ya wafanyakazi wa nguo, inayopita nyumbani kwa akina Levine, familia ya wapangaji wa zamani walioishi na kushona magauni mahali pamoja, kisha kwa wapangaji wengine, akina Rogarshevsky. Vyumba ni vitatu, vyote pamoja takriban mita za mraba 30, na cha mbele pekee ndicho chenye madirisha ya kutazama nje. Abraham Rogarshevsky, aliyekuwa mpiga pasi katika karakana ya nguo, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1918, akamwachia mkewe Fannie watoto sita. Mjane huyo akachukua kazi ya kutunza jengo hilohilo ili familia isikose makao. Maelezo hayo yakisikilizwa ndani ya vyumba hivyo finyu, mtu hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini maradhi hayo yaliitwa ugonjwa wa washonaji.

Kilichonishika zaidi ni dirisha lililotobolewa katika ukuta wa ndani, kati ya chumba kimoja na kingine, ili mwanga na hewa vipite. Robert Koch alikwisha kutangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, na tangu 1897 madaktari wa New York walilazimika kuwaripoti wagonjwa, lakini dawa ya kuwatibu haikupatikana hadi miaka ya 1940. Kwa hiyo hewa, mwanga na kupunguza msongamano vilikuwa sehemu kubwa ya kinga, na sheria ya nyumba za kupangisha ya mwaka 1901 ikawabana wamiliki waviweke, pamoja na vyoo vya ndani, vilivyofika hapa mwaka 1905. Kabla ya hapo wapangaji walishuka hadi vyoo vya uani. Naamini hakuna kitabu kinachoweza kuonyesha kwa uwazi kama huo kwamba afya ya umma ni suala la ujenzi na kodi ya nyumba, sawa na lilivyo suala la hospitali.

Ninaipendekeza ziara hii hasa kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na mipango miji. Ni vyema kukata tiketi mapema, kwa kuwa kila kundi ni dogo, na asiyeweza kupanda ngazi aulize kwanza ni ziara zipi zinazomfaa.