Ulinzi wa akaunti WhatsApp: mlango wa mbele una komeo, wa uani umeegeshwa tu

Hapa tunapima jambo moja tu: WhatsApp inakulinda vipi tapeli anapoitaka akaunti yako, na ikishaibiwa unairudisha kwa shida kiasi gani. Wizi wenyewe una njia mbili kubwa. Ya kwanza huduma hii imeiziba vizuri, ya pili bado.

Njia ya kwanza ni ile ya tarakimu sita. Tapeli anaweka programu kwenye simu yake, anaandika namba yako, na SMS ya uthibitisho inakuja kwako wewe. Kilichobaki ni kukubembeleza. Mara nyingi ujumbe unatoka kwa mtu unayemjua, ambaye naye kashaibiwa: "Samahani ndugu, kuna namba 6 zimekuja kwako kimakosa, naomba unirushie." Ukizirusha tu, simu yako inatolewa nje ya akaunti.

Dawa yake ipo tangu 2017, nayo ni uthibitishaji wa hatua mbili. Ingia kwenye mipangilio, kisha akaunti, washa hatua mbili, chagua PIN ya tarakimu 6 na uweke barua pepe. PIN hiyo haiji kwa SMS, kwa hiyo hata ukighafilika ukatoa zile tarakimu, tapeli anagota hapo. Sehemu ya barua pepe wengi wanairuka, halafu wakisahau PIN wanakaa siku 7 nje. Usitumie mwaka wa kuzaliwa, wala PIN ileile ya kutolea pesa kwenye simu. Lawama yetu kwa WhatsApp ni kwamba kinga nzuri hivi inakuja ikiwa imezimwa, na asiyeambiwa na mtu hatajua kwamba ipo.

Kwenye kurudisha akaunti wanastahili sifa. Fungua WhatsApp kwenye simu yenye laini yako, andika namba, omba SMS, ingiza tarakimu 6. Hapo hapo tapeli anatupwa nje. Inawezekana aliwahi kuweka PIN yake, ukaulizwa usichokijua. Watu wengi wakifika hapo hukata tamaa na kumlipa "fundi wa kurudisha akaunti" waliyemkuta Facebook, ambaye naye ni tapeli mwingine. Hakuna cha kulipia. Siku 7 zikiisha unaingia bila PIN ile, na ukishaingiza tarakimu za SMS, yeye pia hayumo ndani hata kama wewe bado unasubiri.

Kinachokera ni saa ya kusubiri. Tarakimu zikiombwa mara nyingi mno, utumaji unasimamishwa kwa saa kadhaa, na tapeli mjanja anaweza kuziomba makusudi ili akucheleweshe. Kubonyeza tena na tena kunaweza kukuongezea muda. Iache saa ihesabu mpaka iishe. Wakati huo wapigie watu simu za kawaida, uanze na wanaokukopesha. Meseji zako za zamani tapeli hazioni, kwa sababu zimekaa kwenye simu yako, lakini makundi uliyomo anayaona, na humo ndimo atakamoombea hela kwa jina lako.

Kuna mchezo mwingine wa pembeni. Mtu anajifanya huduma kwa wateja na kukwambia upige **21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya reli (#). Ukipiga, simu zako zote zinahamia kwake, kisha anaiomba WhatsApp imsomee tarakimu kwa kumpigia badala ya SMS. Angalia kwa *#21#, futa kwa ##21#, na ##002# inafuta uhamishaji wa kila aina. Kosa hapa si la WhatsApp, ila PIN ya hatua mbili inazuia hata hili.

Sasa mlango wa uani: vifaa vilivyounganishwa. Akaunti moja inaruhusu vifaa 4 zaidi ya simu yako, na kuviunganisha hakuhitaji PIN ya hatua mbili. Linki inakuja: mpigie kura mtoto wa fulani, au bando la bure. Ukurasa unaomba namba yako ya simu, halafu unakupa herufi na tarakimu 8 "za kuthibitisha kura" uziingize WhatsApp. Hizo ndizo za kuunganisha kompyuta ya tapeli na akaunti yako. Simu yako haitolewi nje, kila kitu kinaendelea kama kawaida, naye anasoma meseji mpya na sehemu ya zile za nyuma. Kwa wizi wa tarakimu sita utajua ndani ya dakika. Huu unaweza kukaa nao wiki nzima bila habari. Taarifa ya kifaa kipya huwa inatokea kwenye simu, lakini ni ndogo na rahisi kuifuta bila kuisoma.

Kwa hiyo fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa walau mara moja kwa wiki. Usichokitambua, kiguse na ukiondoe. Kubadilisha PIN peke yake hakumtoi huyu, na ndiyo maana tumekata alama nyingi hapa.

Linki isomwe kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, ukianzia kulia. Kwenye whatsapp.com.zawadi.example/tz mwenye nyumba ni zawadi.example, na hilo whatsapp.com la mwanzo ni pambo tu. Ukiwa na shaka, inakili bila kuifungua uibandike VirusTotal, huduma ya bure ya Google inayoipitisha kwenye makumi ya injini za usalama. Kasoro yake ni kwamba linki iliyotengenezwa leo asubuhi inaweza kuonekana safi kabisa, kwa hiyo sifuri, yaani hakuna injini iliyoitilia shaka, isikupe moyo. Na usipakie humo faili la siri, kwani linaweza kuonwa na wengine.

Linki inayokushushia faili la APK, yaani faili la kusakinisha programu kwenye Android, ni kesi nyingine, hiyo usiisakinishe hata kama imepewa jina la kadi ya harusi. Tunawahesabu humo humo na watumiaji wa GB WhatsApp: programu hiyo si ya WhatsApp, akaunti inaweza kufungiwa kwa muda, na hakuna anayejua aliyeitengeneza anasoma nini.

Alama zetu: kurudisha akaunti 8 kati ya 10, hatua mbili 7, vifaa vilivyounganishwa 4. Kwa walioko Tanzania, ujumbe wa kitapeli wa SMS utumeni kwenda 15040, na mpige *106# mwone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Laini usiyoijua ikiwemo humo, nenda kwa mtandao husika ikafutwe.