Kipindi cha fizikia ya leza katika kituo cha tuisheni Sinza: tathmini

Kituo kimoja cha tuisheni kilichopo Sinza, Dar es Salaam, ambacho kwa kawaida huwanoa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita kwa ajili ya mitihani, kimeanza kutoa vipindi vya Jumamosi jioni kuhusu fizikia isiyomo katika muhtasari wa somo. Kiingilio ni shilingi 5,000. Nilihudhuria kipindi kilichohusu mapigo mafupi mno ya leza na namna yanavyotumika kuchunguza mwendo wa elektroni, kazi iliyowapatia Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2023.

Mwalimu hakukimbilia milinganyo. Aliwataka wanafunzi waipige picha feni ya dari kwa simu na, mapanga yalipotoka yamechanganyika, akaeleza kwamba mwendo wa kasi haupimiki kwa chombo kinachochukua muda mrefu kuliko mwendo wenyewe. Mabadiliko ya elektroni ndani ya atomu hupimwa kwa atosekunde, na atosekunde moja ni sehemu moja ya bilioni ya bilioni ya sekunde.

Kisha ikaja sehemu iliyostahili kiingilio chote. Mwaka 1987, nchini Ufaransa, L'Huillier na wenzake walipitisha leza ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) katika gesi, nayo ikatoa mwanga wenye masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaliyo vizidishio vya yale ya leza. Mwalimu alifafanua sababu kwa mchoro wa hatua tatu: uga wa umeme wa leza huing'oa elektroni kwenye atomu, huisukuma mbali, na unapogeuka huirudisha, hivyo nishati iliyoipata njiani hutoka kama mwanga wa urujuanimno. Mawimbi ya mwanga huo wa masafa mbalimbali yakipangana sawasawa, huzaa mapigo ya atosekunde. Mwaka 2001 Agostini alipima mfululizo wa mapigo ya atosekunde 250, na kundi la Krausz mjini Vienna likatenga pigo moja la atosekunde 650.

Kasoro kubwa ni kwamba mwalimu alirudia kusema kuwa mapigo haya "huipiga picha" elektroni, na baada ya mfano wa feni ni rahisi kwa mwanafunzi kuamini hivyo. Hakuna picha inayopigwa. Pigo moja huitoa elektroni, leza ya pili huongeza au hupunguza nishati yake, na watafiti hubadilisha pengo la muda kati ya hizo mbili, kisha hukokotoa wakati kutokana na nishati iliyopimwa. Ndivyo ilivyobainika mwaka 2010 kwamba elektroni za ngazi mbili tofauti za atomu ya neoni hutoka kwa kupishana takriban atosekunde 21.

Ahmed Zewail, Mmisri aliyepata Nobel ya Kemia mwaka 1999 kwa kuchunguza mabadiliko ya kikemia kwa femtosekunde (moja ni sawa na atosekunde elfu moja), alitajwa kwa sentensi moja tu. Mbele ya vijana wa Kiafrika, huo ni ubahili. Aidha, kalamu ya leza ilizungushwa ukumbini bila onyo lolote kuhusu macho, jambo linalopaswa kurekebishwa mara moja.

Mwanafunzi wa tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) aliyekwisha kusoma mawimbi atafaidika. Wa kidato cha pili atapotea mapema. Projekta ni hafifu, kwa hiyo inafaa kuwahi viti vya mbele, na karatasi yenye mchoro wa hatua tatu hutolewa bure mlangoni.