Mantova hadi Ravenna kwa baiskeli: uzoefu wangu, na kile unacholipia hasa

Nianze na kile mtu anachotaka kujua kabla hajatoa pesa: njia yenyewe ni bure. Tuta la mto Po, vijia vya mashambani, vichochoro vya Ferrara, kote huko hakuna anayekukatia tiketi. Ukinunua likizo ya baiskeli ya kujiongoza mwenyewe katika nyanda za kaskazini mwa Italia, unalipia baiskeli nzima ya kukodi, hoteli iliyokwisha kulipiwa katika kila kituo, na gari linalochukua sanduku lako asubuhi na kukutangulia nalo. Kwangu mimi gari hilo peke yake lilitosha. Tulilipa karibu euro elfu moja kwa kila mtu, mwezi wa Septemba, kifungua kinywa kikiwemo. Cha mchana na cha jioni mnajitegemea.

Nilikwenda na mama mdogo, aliyekuja Munich kunitembelea kutoka Tanga. Kavuka hamsini, mazoezi ya kukimbia hayajui, lakini baiskeli kaipanda tangu usichana wake, na watu wa Tanga mnajua ninachosema. Kwa wanaofikiria kumwalika mzazi kwa safari ya namna hii: maombi ya viza ya Schengen hupelekwa ubalozi wa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, siyo lazima Italia. Barua ya kampuni yenye hoteli zote na tarehe zake ilitusaidia sana kwenye faili lake.

Kutoka Munich treni inavuka milima ya Alpi kwa njia ya Brenner hadi Verona, na pale unadandia treni ndogo ya mkoa mpaka Mantova, kama dakika arobaini na tano. Baiskeli zilikuwa zinatungoja hotelini. Kijana wa kampuni alitueleza njia, akatuwekea programu ya ramani kwenye simu ifanye kazi hata bila intaneti, akatuachia na kijitabu. Baiskeli zenyewe zilikuwa za kistaarabu: gia saba zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, cheni imefunikwa yote, fremu imeinama katikati ili usirushe mguu juu. Mama mdogo alipanda na dera lake juu ya suruali na halikunaswa hata mara moja. Kuna mfuko wa pembeni nyuma, pampu, tyubu ya akiba na kufuli zito. Siti ndiyo ilikuwa ngumu kama ubao. Khanga iliyokunjwa mara nne ilimaliza tatizo hilo, kwa hiyo beba moja.

Kofia ngumu ni ya kuomba. Sheria ya Italia haimlazimishi mtu mzima kuvaa kwenye baiskeli ya kawaida, ila kengele na taa ni lazima, na ukiwa nje ya mji baada ya jua kuzama unatakiwa uvae kizibao cha kuakisi mwanga.

Mantova usiiache siku hiyo hiyo. Mto Mincio unaufanyia mji maziwa matatu, ukiutazama kutoka ng'ambo unauona kama umewekwa juu ya maji. Ukoo wa Gonzaga uliutawala karne na karne na ukaajiri wachoraji hodari wa zama zake. Ndani ya kasri yao kuna chumba alichokimaliza Andrea Mantegna mwaka 1474, chenye dari iliyochorwa kana kwamba imetobolewa na watu wanakuchungulia kutoka juu. Katika Palazzo Te, Giulio Romano alichora majitu yakiangukiwa na nguzo kuta nzima. Mama mdogo alitoka humo akisema, "Mwanangu, mtu alale humu kweli?"

Sasa njia. Tambarare hii ni udongo ulioshushwa na mito kutoka milima ya Alpi na Apenini kwa maelfu ya miaka, na Po, wenye urefu wa kilomita 652, unapita katikati yake ukiwa umebanwa na matuta makubwa ya kuzuia mafuriko. Unaendesha juu ya tuta. Kulia mashamba ya mahindi na matunda yapo chini yako, kushoto miti ya mipopla na mto. Mashariki mwa Mantova kuna hata majaruba ya mpunga, na Septemba ndio mavuno yanaanza. Mama mdogo alisimamisha baiskeli, akashuka kwenye tuta, akapukusa suke, akatafuna punje, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Wauzaji wa safari hizi husema "tambarare kabisa" kana kwamba ni sawa na "rahisi kabisa". Siyo. Juu ya tuta hakuna kivuli na hakuna kizuizi cha upepo. Kilima kina upande wa pili wa kuteremka, upepo wa mbele hauna. Siku tuliyoelekea baharini ulitupiga usoni kutwa, na kilomita sitini zikawa kama tisini. Baiskeli ya umeme inaongezwa bei, lakini kwa mtu mwenye magoti yanayolalamika ni pesa iliyokwenda mahali pake. Mama mdogo alikuwa nayo, na saa nyingine nilikuwa nauona mgongo wake tu. Julai na Agosti singeshauri kabisa, joto la bonde hilo ni la mvuke. Maji beba mengi, na ununue chakula kabla ya saa sita na nusu mchana, kwa sababu vijiji hufunga maduka mpaka saa tisa au kumi na hutapata hata biskuti.

Kuanzia Stellata, penye ngome ndogo ya matofali kando ya maji, inaanza njia inayoitwa Destra Po, kama kilomita 120 hadi Gorino karibu na bahari. Lami ni nzuri, magari ni machache, vibao vinaonekana. Kabla ya hapo ubora unabadilika-badilika: kokoto hapa, barabara ya malori pale. Kipande kimoja cha barabara ya mkoa kilinitia hofu na kijitabu hakikutoa onyo lolote.

Ferrara ndio moyo wa safari. Waitaliano wenyewe huuita mji wa baiskeli, na siyo maneno ya matangazo: padri kwenye baiskeli, bibi na mboga zake kwenye baiskeli, mwanasheria wa suti kwenye baiskeli, wote kwa mwendo uleule usio na haraka. Mwaka 1492 mtawala Ercole wa Kwanza wa ukoo wa Este alimpa msanifu Biagio Rossetti kazi ya kuupanua mji upande wa kaskazini, na mitaa ile mipana iliyonyooka ndiyo inayofanya kuendesha kuwe raha hadi leo. Ukuta wa mji una urefu wa kama kilomita tisa, na juu na kando yake kuna njia chini ya miti. Tulizunguka jioni nzima bila kutafuta kitu. Kama kampuni inakupa nafasi ya kuongeza usiku mmoja mahali popote, uongeze hapa.

Chakula, kwa Waislamu wenzangu. Eneo hili ni nchi ya nguruwe, na hatari haipo kwenye nyama inayoonekana. Mkate wa Ferrara uliosokotwa kama pembe nne una mafuta ya nguruwe ndani ya unga. Piadina, ule mkate bapa wa Romagna, yaani upande wa Ravenna, kwa desturi nao ni hivyo, ingawa wengi sasa wanakanda kwa mafuta ya zeituni. Wali maarufu wa Mantova, riso alla pilota, unachanganywa na soseji ya nguruwe. Neno la kukariri ni strutto, ndiyo mafuta ya nguruwe. Uliza "senza strutto?", yaani "bila strutto?", na utajibiwa kwa ukweli. Kimbilio letu lilikuwa tambi zilizojazwa boga, tortelli kule Mantova na cappellacci pale Ferrara, kwa siagi na majani ya seji. Ni tamutamu, boga lenyewe limeiva vizuri. Mama mdogo alisema zingefaa futari.

Tulipita Mesola na abasia ya Pomposa, makao ya kale ya watawa, tukaingia Comacchio, mji mdogo wa mifereji na madaraja uliokaa kwenye ukingo wa mabwawa ya maji ya chumvi. Hapa watu wameishi kwa mikunga. Msimu wa vuli mikunga huanza safari ya kurudi baharini, na wavuvi huwangojea kwenye mtego wa kuta za kuchongoka, lavoriero, samaki anaingia kwa mdomo mpana na kuishia chumba chembamba. Mama mdogo alitazama mchoro wake ukutani akacheka: "Huu si uzio?" Na kweli, ni akili ileile ya uzio wa kunasia samaki wa pwani yetu. Mikunga huchomwa kwenye mishikaki mbele ya moto wa kuni kisha hutiwa kwenye siki, na kiwanda cha zamani bado kinafanya kazi hiyo na kinapokea wageni. Kwenye mabwawa tuliwaona heroe kwa mamia. Mbu nao wapo, wengi na wakali. Malaria ilikuwa janga la maeneo haya zamani, ila Shirika la Afya Duniani liliitangaza Italia kuwa huru nayo mwaka 1970. Dawa ya kujipaka inatosha.

Malalamiko yangu. Siku moja masanduku yalifika karibu na magharibi, sisi tumekaa ukumbini na nguo za jasho, na namba ya dharura ya kampuni ilipokelewa baada ya kupiga mara nyingi. Hoteli moja ilikuwa nje kabisa ya mji, kando ya barabara kuu, kwa hiyo mji tuliulipia bila kuufaidi. Kwenye bei ile sikutegemea hilo.

Ravenna sitaieleza sana kwa kuwa kila mtu ameshaieleza. Michoro ya vijiwe vya rangi katika San Vitale, kanisa lililowekwa wakfu mwaka 547, inastahili asubuhi nzima, basi kata tiketi mapema.

Ningerudi? Ndiyo, ila kwa namna nyingine. Kati ya Ferrara na bahari ningepanga mwenyewe: treni za mkoa zinapokea baiskeli kwa tiketi ya ziada, iko moja kati ya Ravenna na Ferrara moja kwa moja, na Destra Po haihitaji mtu wa kukuongoza. Kwa kipande cha Mantova hadi Ferrara, au nikiwa tena na mtu wa rika la mama mdogo, ningelipa kampuni, na ningewauliza kwa maandishi kila hoteli iko umbali gani kutoka katikati ya mji.